Nilivyoanza kazi ya benki Lubumbashi kupitia programu ya wahitimu vijana

Hapa Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo (DRC), kijana akitoka Kasapa, kwenye chuo kikuu chetu, na diploma ya uchumi, watu humuuliza kwanza ni mgodi gani umempokea. Mimi pia nilipeleka dosie za kuomba kazi migodini, Likasi, Kolwezi hadi Fungurume, na sikujibiwa. Benki sikuiwazia. Nyumbani Katuba, benki ilikuwa mahali ambapo baba, mwalimu wa serikali, alipanga foleni tangu mishahara ya watumishi ilipoanza kupitishwa kwenye akaunti mwaka 2011. Mama aliamini likelemba, mchango wa kupokezana zamu, ya wenzake wa sokoni, na mpaka leo hajaiacha.

Tangazo la programu ya wahitimu vijana nilionyeshwa na mwenzangu wa auditoire, tuliyesoma naye darasa moja chuoni. Benki ile sitaitaja. Ilikuwa inatafuta kundi dogo la vijana waliomaliza chuo, iwapitishe idara kwa idara, miezi michache kila mahali, iwapime kila hatua, na mwishoni iwapangie kazi. Naandika kwa sababu wadogo zangu wengi wananiuliza mambo yanavyokwenda humo ndani, na kwa sababu mwaka ule ungekuwa mwepesi zaidi kama mtu angenieleza mapema ninayoyaeleza hapa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hii si staje ya shule, yale mazoezi ya kazi ya wanafunzi. Stajeri wa chuo hupewa fotokopi, huandika ripoti yake, hupigiwa muhuri na kurudi kumwonyesha profesa. Katika programu hii una mkataba, unalipwa, na unakabidhiwa kazi ambayo ukiikosea, pesa ya mtu inapotea.

Mitihani ya kuingia ilikuwa ya hesabu, ya Kifaransa, ya Kiingereza, kisha kazi ya pamoja mezani huku wakubwa wakitutazama, na mwisho mahojiano. Kiingereza kiliwaangusha wengi waliokuwa hodari kuliko mimi. Mtu anaweza kujiuliza Kiingereza cha nini katika mji wa Kifaransa na Kiswahili. Ila mizigo yetu inaingia kwa Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini, wauzaji wa kule wanaandika Kiingereza, na dola ikitoka hapa kwenda nje inapita kwenye benki nyingine zinazouliza maswali yao kwa Kiingereza. Ukiwa bado chuoni, anza sasa.

Katika mahojiano niliulizwa hivi: mteja akileta dola 500 na kuziweka kwenye akaunti yake, benki imepata mali au imepata deni? Jibu ni yote mawili. Noti zimeongezeka kwenye sanduku, hiyo ni mali. Na wakati huohuo benki inadaiwa dola 500 na yule mteja, maana anaweza kurudi kesho kuzidai. Asiyeelewa hapo atateseka mwaka mzima, kwa kuwa karibu kila kazi ya benki inarudi kwenye mizania hiyo, yaani orodha ya mali upande mmoja na madeni upande wa pili. Somo la uhasibu wa SYSCOHADA, mfumo tunaoutumia pamoja na nchi nyingine za Afrika, ule uliofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika 2018, lisome hadi uweze kuitazama mizania ya kampuni na kusema kampuni inaishi kwa nini na inadaiwa na nani.

Gharama za kuanza watu hawazisemi. Nguo za kazi, viatu, nauli ya asubuhi na jioni kutoka Katuba hadi katikati ya mji, na chakula cha mchana, vyote vinatoka mfukoni mwako kabla ya mshahara wa kwanza kuingia. Mimi nilikuwa na nyumba ya wazazi na bukari (ugali) ya mama jioni. Mwenzetu aliyetoka Likasi ilibidi apange chumba, na mwenye nyumba akadai garanti ya miezi kadhaa kwa mara moja. Alikopa kwa wale tunaowaita Banque Lambert, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kukaba shingo, na miezi ya mwanzo mshahara wake ulikuwa unampita tu kwenda kwao. Kama unajua utahama mji, ongea na familia mapema, na iulize benki kama inatoa avansi ya kuanzia kazi. Kuuliza si aibu.

Idara ya kwanza ilikuwa gishe, mbele kabisa, ambako pesa hupokelewa na kutolewa. Baadhi ya wenzangu waliona kama wameshushwa hadhi: diploma ya miaka mitano kisha kuhesabu noti? Mimi nasema gishe ndiyo ilinifundisha zaidi ya idara zote, na ningependa nieleze kwa nini.

Kwetu pesa ni mbili. Mshahara wa mwalimu ni franka, kodi ya nyumba ni dola, mboga ni franka, gari ni dola. Noti kubwa ya franka ni ya 20.000, kwa hiyo kampuni ikija kuchukua mishahara ya wafanyakazi kwa franka, inatoka na mifuko. Dola nazo zina shida yao. Hapa noti ya dola yenye mchaniko mdogo pembeni, au iliyoandikwa kwa kalamu, muuzaji sokoni haipokei, na mbadilishaji wa barabarani anaikata bei. Kwa hiyo mteja anaikagua kila noti unayompa na kukurudishia asiyoipenda, na wewe yule wa kwanza aliyekuletea huwezi tena kumpata. Unajifunza kukataa kwa adabu pesa mbovu kabla haijaingia sandukuni.

Mama aliyeongoza gishe alinifundisha kushika kabla ya kutazama. Noti ya dola 100 ya muundo ulioanza kutolewa 2013, pitisha ukucha kwenye bega la Franklin utasikia mikwaruzo ya wino. Iinamishe, ule utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi unaonyesha kengele zinazogeuka kuwa tarakimu 100. Mashine inasaidia, lakini umeme wa SNEL unaweza kukatika na jenereta ichelewe kuwaka, na foleni ikiwa ndefu watu hawatulii. Mikono yako ndiyo inayobaki.

Kanuni yake nyingine ilikuwa: “Usiite mteja mwingine kama pesa ya huyu haijatoka mezani.” Niliona maana yake siku mwenzangu wa dirisha la pili alipokea mafurushi ya wafanyabiashara wawili waliokuja pamoja kutoka soko la Mzee Kabila. Jioni kulikuwa na upungufu, na hakuna aliyeweza kusema ni furushi la nani lililokuwa pungufu tangu mwanzo. Kila mmoja aliapa kwamba lake lilikuwa kamili. Hesabu mbele ya mteja, sema jumla kwa sauti anayoisikia, subiri akubali, ndipo uandike.

Jioni ni kufunga kesi, yaani sanduku la pesa la dirisha lako. Ulichoanza nacho asubuhi, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka: lazima kilingane na noti ulizo nazo. Kisipolingana huendi nyumbani. Hapo nilipata mbinu ambayo chuoni sikuipata. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza kwa kutafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: ukiandika 540 mahali pa 450, tofauti ni 90. Kama haikugawanyika, igawanye kwa mbili na utafute operesheni ya kiasi hicho, huenda imeandikwa upande usio wake, imeingia badala ya kutoka. Mbinu hizo mbili zimeniokolea jioni nyingi.

Na kuna saa. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na makao makuu yako Kinshasa. Sisi tukifungua milango saa mbili asubuhi, kule ni saa moja, na mtu wa kuidhinisha operesheni kubwa bado yuko njiani. Mteja amesimama mbele yako, amekasirika, na wewe huna cha kumfanyia. Niliiga kwa wakongwe: dosie zinazohitaji saini ya Kinshasa zitumwe jana yake mchana, wakati wao bado wako mezani. Mgeni kutoka Kinshasa hili linamshangaza, na kwetu ni maisha ya kila siku.

Kutoka gishe nilipelekwa konfomite, idara inayolinda benki isipitishe pesa chafu. Hii sikuitamani, na ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopima nchi zinavyopambana na utakatishaji fedha, na tarehe 27 Desemba mwaka huohuo ikatoka sheria mpya juu ya jambo hilo. Matokeo yake unayaona mezani: benki za nje zinazopitisha dola zetu zinauliza mara nyingi zaidi, huyu ni nani, kampuni hii ni ya nani hasa, pesa imetoka wapi. Usipokuwa na jibu la karatasi, uhamisho unakwama na mteja anakulaumu wewe.

Shida ni namna ya kuuliza. Mzee anayenunua madini kwa wachimbaji wa mikono analeta pesa nyingi. Ukimwambia “Papa, pesa hii umeitoa wapi?” umemwita mwizi mbele ya watu, naye atachukua mfuko wake aende. Nilimsikia mkubwa wangu akisema: “Papa, ili mbele kusiwe na mtu wa kuzuia pesa yako, tusaidie na karatasi za mauzo na kadi yako ya unegosia, ile ya kununua madini.” Ni swali lilelile, ila mzee anafungua mkoba. Nilitumia muda mwingi kujifunza kuuliza hivyo kuliko kujifunza sheria yenyewe. Na kitu kimoja hakina nafasi ya adabu wala urafiki: ikiwa benki imepeleka taarifa ya shaka kwa CENAREF, ofisi ya serikali inayochunguza pesa chafu, mteja haambiwi, hata awe shangazi yako.

Hapo niguse jambo la familia, maana linavunja vijana wengi. Ukiingia benki, ndugu wanaamini umeshika ufunguo wa sanduku. Mjomba anataka mkopo, mwingine anataka umwangalizie tu kama fulani ana pesa kwenye akaunti, kwa sababu wanataka kumwoza binti yao. Mmoja wa kundi letu aliondolewa kabla ya mwaka kuisha kwa kufungua kwenye sistemu na kutazama akaunti ya mtu ambaye hakuwa mteja wake. Alifikiri kutazama si kosa kwa kuwa hakugusa hata franka moja. Kila akaunti unayoifungua kwenye sistemu inabaki na jina lako na saa, na wakaguzi wanapitia. Mimi niliketi na wazazi nikawaeleza mapema: kuhusu pesa za watu, sitajibu swali la mtu yeyote. Baba alielewa upesi kuliko nilivyotegemea.

Idara ya biashara ya nje niliipitia haraka, kwa hiyo sitajidai. Nilichokishika ni kwamba katika krediti dokumanteri, ambapo benki inaahidi kumlipa muuzaji wa nje akileta nyaraka sahihi, benki inatazama karatasi, haitazami mzigo. Kanuni zinazotumika duniani, UCP 600 za mwaka 2007, zinaipa benki siku tano za kazi za kibenki kuchunguza nyaraka. Jina la kampuni likiandikwa kwa namna mbili, au tarehe ya kupakia ikipita ile iliyokubaliwa, malipo yanaweza kusimama ingawa lori limeshafika Kasumbalesa. Soma kila herufi.

Kisha mikopo. Nilifika huko mwanzoni mwa 2025, wakati mgumu. Mwishoni mwa Januari waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa nchi, benki za kule zikafungwa, na mmoja wetu alikuwa na wazazi kule. Pesa yao ilikuwepo kwenye akaunti, na haikuwezekana kuishika. Hakuna kitabu kilichotufundisha ukwasi, yaani kuweza kuipata pesa pale unapoihitaji, kama kumwona mwenzetu akihangaika kuwatumia wazazi wake pesa ya chakula kwa simu. Baadaye Februari, tarehe 22, serikali ikasimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje.

Hili la kobalti lilitugusa moja kwa moja. Wateja wengi wa mikopo Lubumbashi ni kampuni za sutretansi, zinazopewa na migodi kazi za kuifanyia: zinazopeleka chakula mgodini, zinazokodisha magari, zinazofanya usafi, zinazoshona nguo za kazi. Sheria ya Februari 2017 imewatengea Wakongomani kazi hizo, na vijana wengi wamefungua kampuni. Tatizo lao ni muda. Mgodi unaweza kulipa ankara baada ya miezi miwili au mitatu, ilhali wafanyakazi wanataka mshahara kila mwisho wa mwezi na mafuta yanalipwa leo. Hapo ndipo wanapokuja benki na hati ya oda mkononi.

Nilifundishwa kwamba hati ya oda peke yake haitoshi. Cha kutafuta kwanza ni barua ambayo kampuni ya mgodi inaahidi kulipa ankara zote kwenye akaunti iliyo kwetu, bila kuweza kubadili mpaka benki ikubali. Ofisini inaitwa domisiliasio. Halafu unatoka kwenda kuona. Unakwenda kwenye gereji yake Kampemba au Ruashi, unahesabu magari yanayotembea na yaliyo juu ya mawe, unauliza wafanyakazi walilipwa lini mara ya mwisho. Usafirishaji uliposimama tuliifungua upya kila dosie, tukauliza swali ambalo wengi wetu hatukuliuliza hapo awali: mgodi unaomlipa mteja huyu unaishi kwa shaba, au kwa kobalti? Wawili wenye mizania inayofanana walikuwa na hatari tofauti kabisa.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Wakati wa kuzunguka idara, wengi wanapita kama wageni. Wanasubiri miezi iishe, wanachukua alama, wanahamia ghorofa nyingine, na kila idara inabaki kisiwa. Mimi nilikuwa na daftari, na ndani yake nilifuata wateja walewale kutoka idara moja hadi nyingine. Kampuni moja ya usafiri niliijua gishe kwa namna ilivyochukua pesa: kila Ijumaa, karibu yote, taslimu. Konfomite niliona mwenye kampuni hasa ni nani. Nilipofika mikopo, dosie yake ilionekana nzuri kwenye karatasi, nami nikaweza kusema mezani kwamba akaunti hii haikai na pesa zaidi ya siku mbili, tuulize zinakwenda wapi. Mkuu wa mikopo alinitazama akauliza nimejuaje. Tangu siku hiyo alianza kuniita kwenye vikao ambavyo vijana wa programu hawakuwa wakiitwa. Daftari langu halikuwa na siri za kutoka nje ya jengo. Namba na majina yalibaki kwenye sistemu, mimi niliandika maswali.

Kwa hiyo ukiingia, chagua wateja wachache wa aina tofauti, mama wa duka, kampuni ya sutretansi, shule, na uwafuate. Uliza kila idara inawaonaje. Utaelewa benki upesi kuliko anayekariri fomu. Na wakubwa wa idara ndio wanaokaa kwenye kikao cha mwisho cha kupanga watu. Wanalikumbuka jina la aliyewauliza swali lililowasaidia.

Kikao hicho kwetu hakikwenda kama tulivyoahidiwa. Tangazo lilisema kila mmoja atachagua idara, lakini nafasi zilikuwa chache. Wawili walirudishwa gishe, mmoja akakata tamaa akaondoka. Iliniuma, na bado naona haikuwa haki kwao, maana walifanya kazi vizuri. Mimi nilipewa mikopo, lakini Kolwezi, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, katika mji ambao nyumba zinapangishwa kwa bei ya watu wa migodi. Furaha na hofu vilikuja pamoja. Mama alilia, binti kwenda kuishi peke yake Kolwezi hakulipenda.

Kabla sijasaini nilimwomba yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anayefanya kazi kwa mwanasheria, aipitie barua. Alinionyesha mambo ya kuuliza, nami nayaandika kama alivyoniambia: mkataba ni wa muda au wa kudumu, miezi ya programu inahesabiwa kwenye ukongwe (miaka ya kazi) au inaanza upya, nani analipa kuhama na garanti ya nyumba, mshahara unalipwa kwa franka au kwa dola, na kama ni franka, kwa kiwango cha siku gani, na kuna kifungu kinachodai urudishe gharama za mafunzo ukiondoka mapema, kwa muda gani. Hicho cha mwisho kilikuwepo, kwenye ukurasa wa nyuma, kwa maandishi madogo. Niliomba muda wake upunguzwe, wakakataa. Niliomba garanti ya nyumba, wakakubali kuitoa kama avansi ya kukatwa kidogokidogo. Nikasaini kwa masharti hayo, nikijua ninachokisaini, na wiki iliyofuata nikapanda basi la Kolwezi.